Ramani ya Misheni Bado Inatutawala

Mwambie Mkenya wa makamo kwamba bi harusi anatoka Maua na kwao ni Waprotestanti, naye atakujibu kabla hujamaliza: Wamethodisti hao. Taja Machakos, atasema AIC, yaani Africa Inland Church. Taja Nyamira, atasema Wasabato. Taja Mbale ya Vihiga, atasema Marafiki, wale ambao kwingineko duniani huitwa Wakwekeri. Atakosea mara mojamoja, kwa sababu watu wamehama na makanisa ya kipentekoste yamejaa kila soko, lakini mara nyingi atapatia. Hakufundishwa hayo shuleni. Anaijua ramani hiyo kama anavyojua majira ya mvua ya kwao.

Ramani yenyewe ilichorwa na watu. Kuanzia miaka ya 1890 mashirika ya misheni ya Kiprotestanti yaligawana nchi kwa mapatano: huku wewe, kule mimi, asiingie mtu katika eneo la mwenzake. Waskoti walioanzia Kibwezi mwaka 1891 walihamia Kikuyu mwaka 1898 na kituo chao kikawa Thogoto. Waanglikana wa shirika la CMS (Church Missionary Society), waliokuwa pwani tangu enzi za wamisionari Krapf na Rebmann kule Rabai, nao walikuwa wakipanda bara. Pande hizo mbili zilipokutana Ukikuyuni zilipiga mstari kutoka vilima vya Ngong hadi kilele cha Mlima Kenya, huyu akachukua upande mmoja na yule wa pili. AIM, misheni iliyozaa AIC, iliyoanza Nzaui katika Ukambani mwaka 1895, ilijikita Kijabe mwaka 1903. Wamethodisti, waliokuwa Ribe tangu 1862, wakaja kuipata Meru.

Magharibi ya nchi iligawanywa vipande vidogo zaidi. Marafiki kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902. Jirani yao ikaanzishwa misheni ya Kima, ambayo baadaye iliingia mikononi mwa Kanisa la Mungu. Mwaka 1906 CMS wakafungua Maseno, na mwaka huohuo Wasabato, ambao hawakuwa watu wa kufungwa sana na mapatano ya wengine, wakatua Gendia, ng'ambo ya pili ya ghuba. Kutoka Kaimosi hadi Maseno ni mwendo wa kutwa kwa miguu, na katika mwendo huo mtu alikuwa akivuka himaya za madhehebu matatu.

Waliofanya hivyo hawakuwa na nia mbaya. Waliona aibu kugombania waumini mbele ya watu waliokuja kuwahubiria upendo. Fedha zilikuwa chache, wamisionari walikufa kwa homa kila mwaka, na Wakatoliki walikuwa nyuma yao wakifungua vituo bila kumwomba mtu ruhusa. Kugawana maeneo kulizuia ugomvi na kuokoa mali. Kulileta pia faida tunayoila hadi leo. Shirika lililojua kwamba bonde hili ni lake peke yake lilithubutu kukaa miaka mingi likijifunza lugha ya bonde hilo, likaandika sarufi yake, likatafsiri Biblia, likajenga shule na hospitali. Kaimosi walikuwa na kinu na msumeno wa mbao vilivyoendeshwa kwa nguvu za maji wakati sehemu nyingi za nchi hazijaona hata baiskeli. Hayo sitayadharau.

Ninachokidai ni hiki: katika kila walichotuachia wamisionari wa Kiprotestanti, shule, tenzi, hospitali na sare za akina mama, kilichodumu na kututawala zaidi ni ule mgawanyo wa ardhi. Mgawanyo huo uligeuza dhehebu kuwa kabila. Na sisi tuliorithi makanisa hayo tumeulinda kwa bidii kuliko walivyoulinda wenyewe.

Mwezi Juni 1913 wamisionari walikutana Thogoto kujadili muungano wa mashirika yao. Mkutano ulifungwa kwa ibada ya meza ya Bwana ndani ya kanisa la Kipresbiteri, ikiongozwa na Askofu Peel wa Mombasa, Mwanglikana, na waliokuwa si Waanglikana wakashiriki. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, alipopata habari aliwashtaki Peel na mwenzake Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akisema wameingia katika uzushi. Magazeti ya Uingereza yakajaa habari za kijiji ambacho wasomaji wao hawakujua kipo upande gani wa Afrika.

Nikisoma habari za mabishano yale nakutana na swali moja tu likizungushwa: nani anastahili kula mkate ule mmoja na nani? Swali la pili, zito zaidi kwa watu wa Ukikuyu na Nyanza, halikumkosesha askofu yeyote usingizi. Kwa idhini ya nani mtu aliyezaliwa upande huu wa mto amekuwa Mpresbiteri, na binamu yake wa ng'ambo amekuwa Mwanglikana? Kwao walioketi pale, Mwafrika alikuwa sehemu ya eneo. Alihesabiwa pamoja na vilima.

Ubaya wa mpango huo ulionekana mwaka 1929. Dkt. John Arthur wa Thogoto na wenzake waliwataka waumini watie saini au dole gumba kwenye tamko la kuukana ukeketaji, na pamoja nao kukikana KCA, chama cha siasa kilichodai ardhi ya Wakikuyu. Kuhusu ukeketaji wenyewe msimamo wangu ni mmoja: uliwadhuru wasichana wakati ule na unawadhuru leo, na waliowatetea wasichana hao walikuwa upande wa haki. Kuufunga pamoja na siasa ya ardhi katika tamko moja lilikuwa kosa kubwa, kwa sababu mzazi aliyelilia shamba lake alijikuta anahesabiwa kuwa adui wa Injili.

Angalia sasa jinsi mstari ule wa Ngong na Mlima Kenya ulivyofanya kazi. Waskoti, AIM na wamisionari wa Kambui walishika msimamo mkali. CMS, hasa upande wa Murang'a, walikwenda polepole na kuacha mlango wazi. Kwa hiyo wazazi wawili wa mila moja na msimamo mmoja walipata hukumu mbili: huyu akabaki kanisani, yule akafukuzwa na watoto wake wakatolewa shuleni. Kilichowatofautisha ni upande wa mstari waliozaliwa. Na yule aliyefukuzwa hakuwa na kanisa jingine la Kiprotestanti la kukimbilia, kwa maana jirani alikuwa ameahidi kutoingia.

Hapo ndipo shule za kujitegemea, zile za vyama vya KISA na Karing'a, zilipopata nguvu. Wazazi walichanga shilingi, wakapiga matofali, wakatafuta walimu wao. Walipotaka makasisi wa kuwabatizia watoto ilibidi waagize askofu kutoka Afrika Kusini, Daniel William Alexander wa Kanisa la Othodoksi la Kiafrika, aliyekuja mwaka 1935 na kuwafundisha vijana wao. Kiu iliyoje ya sakramenti hiyo, mtu kuvuka nusu ya bara kuitafuta wakati kengele ya kanisa inasikika kutoka nyumbani kwake! Mwaka 1939 kikafunguliwa chuo cha ualimu Githunguri, chini ya Mbiyu Koinange. Serikali ilikifunga wakati wa Hali ya Hatari, na mahali watoto walipokuwa wakisomeshwa watu wakanyongwa.

Watu hushangaa kwa nini Kenya ina makanisa mengi mno yaliyojitenga na misheni. Majibu husemwa mengi: ngoma, uponyaji, ndoa za wake wengi, ubaguzi wa wamisionari. Yote yana ukweli. Mimi naongeza hili la mipaka. Palipo na makanisa mawili sokoni, aliyeudhika na moja huhamia la pili. Palipo na moja tu kwa mkataba, aliyeudhika huanzisha lake. Zakayo Kivuli alitoka kwa Wapentekoste wa Nyang'ori na mwaka 1942 akaanzisha African Israel Nineveh. Mathayo Ajuoga na wenzake walitoka kwa Waanglikana wa Nyanza mwaka 1957 wakaunda kanisa ambalo wengi wanaliita Johera. Elijah Masinde alilelewa na Marafiki kabla ya kuanzisha Dini ya Msambwa. Kila mmoja alikuwa na sababu zake, lakini wote walitoka katika nyumba yenye mlango mmoja.

Baadaye, hata walioendelea kukaa ndani walianza kugawana vyumba kwa ukoo. Marafiki wa Kenya ndio wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote duniani. Mwaka 1946 walipata mkutano wao wa mwaka, yaani chombo chao cha uongozi, wakawa kundi moja chini ya Kaimosi. Wabukusu wa kaskazini walilalamika kwamba uongozi na mali viko mikononi mwa Wamaragoli, na mwaka 1973 wakajitenga na kuwa na mkutano wao wa Elgon. Vihiga nayo ikafuata njia hiyo. Hapakuwa na fundisho lililowatenganisha. Wote waliimba tenzi zilezile na wote walikataa vita, kama imani yao inavyowafunza. Kilichogombaniwa ni nani atashika funguo za hospitali, shule na akaunti.

Tanzania iliona jambo kama hilo likifanyika kwa ukali. Walutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na kwa muda mrefu Wameru wa chini ya Mlima Meru walikuwa chini ya uongozi uliokaa Moshi, katika iliyokuja kuwa Dayosisi ya Kaskazini ya KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania. Kati ya 1990 na 1993 Wameru walidai dayosisi yao. Walutheri wakawapiga Walutheri, majirani wakaacha kusalimiana, na mgogoro ulipotulia palikuwa na dayosisi mpya na kanisa jingine lililojitenga kabisa. Siwalaumu Wameru kwa kutaka kujiongoza. Najiuliza tu, iweje njia pekee waliyoiona ya kupata sauti katika Kanisa la Kristo iwe kuweka mpaka mpya.

Kwetu Kenya gharama kubwa ililipwa katika siasa. Mwaka 1986 serikali ya Moi ilipoleta uchaguzi wa mlolongo, wapiga kura kusimama foleni nyuma ya mgombea badala ya kura ya siri, Baraza la Makanisa, NCCK, lilipinga. Maaskofu wa Kianglikana kama Okullu wa Maseno Kusini, Muge wa Eldoret na Gitari wa Mlima Kenya Mashariki, pamoja na Timothy Njoya wa kanisa la Kipresbiteri, PCEA, walisema hadharani yale ambayo wabunge waliogopa kunong'ona. AIC, kanisa la Rais na lenye mizizi mirefu katika Bonde la Ufa na Ukambani, lilijitoa katika Baraza mwaka huohuo. Nawaheshimu maaskofu wale kwa moyo wote, na kifo cha Muge barabarani mwaka 1990 bado kinauma. Hata hivyo, tazama walivyopangwa: Okullu kwao Nyanza, Muge kwao Bonde la Ufa, Gitari kwao Mlima Kenya. Wapinzani wao walipata urahisi wa kusema kwamba wanatetea watu wa kwao. Ulikuwa uongo, lakini ramani iliufanya uaminike.

Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipofika hapakuwa tena na akina Okullu. Kila kanisa kubwa lilikuwa na waumini wake wamejaa upande mmoja wa kura, na wachungaji waliombea wagombea huku wakiwataja majina. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje ya Eldoret, lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo kujificha, wengi wao wanawake na watoto. Halikuwa kanisa la misheni za zamani, na waliolichoma hawakutumwa na dhehebu lolote. Lakini walikuwa vijana wa eneo lenye makanisa kila kona, waliobatizwa na kufundishwa Amri Kumi. Februari mwaka huo NCCK ilikiri mbele ya taifa kwamba viongozi wa makanisa walipendelea upande na hivyo wakashindwa kusimama kati ya watu. Ungamo lile lilihitaji ujasiri. Halikufuatwa na kuvunjwa kwa mpaka hata mmoja.

Najua nitajibiwa kwamba haya ni ya kawaida, kwamba mtu husali na watu wake kwa lugha yake na hakuna dhambi hapo. Lugha ya mama kanisani ni jambo jema. Nenda lakini Jumapili katika kanisa lolote kubwa la misheni kwenye mji kama Nakuru au Thika, uingie ibada ya Kiswahili, ile inayotangazwa kuwa ya wote. Ibada itakwenda vizuri hadi matangazo. Mzee wa kanisa atasimama na karatasi yake, atasoma harusi, harambee ya paa na mkutano wa vijana. Kisha atatia neno moja la utani kwa lugha ya nyumbani, na kanisa zima litaangua kicheko. Angalia wale watatu wanne ambao hawakucheka. Mmoja ni muuguzi aliyehamishiwa hospitali ya mji ule. Amekuja Jumapili nyingi na hajawahi kuchaguliwa hata katika kamati ya maua. Hakuna aliyemfukuza. Siku moja atahamia kanisa la kipentekoste la mtaa wa pili, ambako hakuna anayemuuliza kwao ni wapi, na mzee wetu atalalamika kwamba wahubiri wa siku hizi wanaiba kondoo.

Kwamba Waprotestanti wa Afrika Mashariki wanaweza kuishi kwa namna nyingine si ndoto. Waliwahi kuishi hivyo. Uamsho ulioanza kuwaka Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930, kwa akina Simeoni Nsibambi wa Uganda na daktari Joe Church, ulifika Kabete mwaka 1937 na kuvuka mistari yote kana kwamba haikuwepo. Wakikuyu, Wajaluo na Wataita waliimba "Tukutendereza", yaani twakusifu, kwa Kiganda, lugha isiyo ya yeyote kati yao, na hawakuona ajabu. Katika mikutano yao mtu alisimama mbele ya mmisionari na ya mfanyakazi wake wa jikoni akatubu wizi, chuki, dharau, na mmisionari naye akasimama akatubu zake. Ndugu waliookoka walilala nyumba moja, wakaozeshana, wakalipiana karo. Wakati wa Mau Mau wengi wao walikataa kula kiapo na walikataa pia kubeba silaha za serikali, na wapo waliouawa kwa ajili ya hilo. Unaweza kubishana na siasa yao, na wengi wamebishana nayo. Ila huwezi kusema dini yao ilikuwa ya kabila.

Uamsho ule haukuunda dhehebu lake na haukumiliki uwanja wala jengo. Nguvu yake na udhaifu wake vilikuwa hapo. Wazee wake walipofariki, makanisa yalirithi salamu ya "Bwana asifiwe" na kuuacha ule udugu ulioizaa.

Majaribio ya kukaa vikao yalikuwepo pia. Shule ya Alliance iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926 ilikusanya wavulana kutoka misheni zote za Kiprotestanti. Chuo cha St Paul's, Limuru, kilifanywa mwaka 1955 kuwa cha pamoja cha Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti. Miaka ya 1960 makanisa ya Afrika Mashariki, wakiwemo Walutheri na Wamoravian, yalizungumzia kuungana na hata kuandaa utaratibu wa ibada ya pamoja. Mazungumzo yakafa. Kufikia wakati huo uongozi ulikuwa umeshikwa na mikono ya Waafrika, na kila kanisa lilikuwa na hati zake za ardhi, magari yake, marafiki zake wa ng'ambo na viti vyake vya heshima. Wamisionari waliokuwa wakilaumiwa kwa utengano walikuwa wanafunga masanduku. Tuliobaki ndio tuliokataa.

Ndiyo maana siwezi kuridhika na hotuba za kulaani ukoloni ambazo viongozi wa makanisa huzitoa siku za jubilei. Festo Olang' na Obadiah Kariuki walipowekwa wakfu Kampala mwaka 1955, maaskofu wa kwanza Waafrika wa Kianglikana wa Kenya, mmoja alipelekwa kwao Nyanza na mwingine kwao Ukikuyuni. Wakati ule uamuzi ulikuwa wa wazungu. Leo uamuzi ni wetu, na dayosisi zinaendelea kukatwa hadi nyingine zinalingana na ukoo mmoja na majirani zake. Sababu inayotolewa ni kuwasogezea watu huduma. Kila anayefuatilia uchaguzi wa askofu anajua mahesabu yanayofanywa usiku wa kuamkia kura: parokia za bonde zina wajumbe wangapi, za mlimani wangapi, na zamu ni ya nani.

Dawa ya hili haihitaji mkutano wa dunia. Wapresbiteri na Wamethodisti tayari huwahamisha wachungaji wao kutoka makao makuu. Wanachokosa ni kuwapeleka mbali kiasi cha kuwalazimu kuhubiri kwa lugha waliyojifunza ukubwani. Wanafunzi wa theolojia wa Limuru husoma pamoja na kula meza moja miaka mitatu minne, kisha kila mmoja hurudishwa kwao. Miaka yao ya kwanza ya utumishi ingeweza kuwa katika kanisa la mwenzake. Waanglikana wana njia ya kumchagua askofu kutoka dayosisi nyingine. Sinodi inayokutana kujaza kiti kilicho wazi inaweza kuweka sharti kwamba katika majina yatakayopigiwa kura, moja angalau liwe la mtu asiye na shamba la baba yake ndani ya mipaka ya dayosisi hiyo, na wajumbe wakae chini wamsikilize kabla ya kuhesabu mabonde na milima.